Watu wazima nyumbani kwa wazazi: Chumba cha uani ni cha nani?

KATIKA mitaa ya Magomeni, Buguruni, Temeke na Kinondoni jijini Dar es Salaam, si ajabu kukuta vizazi vitatu vikiishi chini ya paa moja. Baba mstaafu yuko barazani na mama yuko uani. Mtoto wao wa kwanza, mwenye umri wa miaka 34, amekaa chumba cha mbele pamoja na mkewe na mwanawe, na wadogo zake wawili waliohitimu vyuo wamejibanza katika chumba kilichoongezwa kando ya jiko. Asubuhi kila mmoja hutoka kwa saa zake kwenda kutafuta riziki, na jioni wote hurejea kwenye sufuria moja.

Kijana wa namna hii mitaani huitwa "kula kulala". Jina hilo limebeba kejeli, nalo humwumiza zaidi asiyelistahili, kwa kuwa wengi wanaoitwa hivyo ndio wanunuao umeme wa LUKU, ndio walipao bili ya maji, na ndio wampelekao mama hospitali usiku wa manane. Swali linaloulizwa siku zote ni lini kijana huyo ataondoka. Lisiloulizwa, ambalo ndilo huzaa balaa baadaye, ni kwamba anakaa kwa masharti gani, na kile anachokitoa kinahesabiwa kuwa nini.

Hali hii si ya Tanzania peke yake. Nchini Marekani, kituo cha utafiti cha Pew kilibainisha kuwa Julai 2020, wakati ugonjwa wa korona umefunga biashara nyingi, asilimia 52 ya vijana wa umri wa miaka 18 hadi 29 walikuwa wakiishi na mzazi mmoja au wote wawili. Kiwango hicho kilizidi hata kile cha asilimia 48 kilichoonekana katika sensa ya mwaka 1940, nchi hiyo ilipokuwa ikitoka katika Mdororo Mkuu wa uchumi. Italia nayo iliwahi kuingia katika malumbano makali Oktoba 2007, pale Waziri wa Uchumi, Tommaso Padoa-Schioppa, alipowaita vijana wasiotoka kwa wazazi wao "bamboccioni", yaani mitoto mikubwa, alipokuwa akitetea nafuu ya kodi kwa vijana wanaopanga nyumba. Nchini Japani, mwanasosholojia Masahiro Yamada alikuwa amekwisha kuwafananisha na kupe katika kitabu chake cha mwaka 1999.

Lakini ipo tofauti moja kubwa. Katika nchi hizo, Marekani hasa, kijana kurudi kwa wazazi huonekana kama kasoro inayohitaji maelezo, na kwa hiyo familia hulazimika kuizungumza. Katika familia nyingi za Kitanzania, mtoto kubaki nyumbani hakumshangazi mtu. Binti anatazamiwa kuondoka kwa ndoa. Kijana wa kiume anatazamiwa kuondoka atakapopata "geto" au mke. Hadi hapo, hakuna siku maalumu, hakuna sherehe, wala hakuna maagano. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu mwenye umri wa chini ya miaka 18, lakini si rahisi kumpata mzazi aliyemketisha mwanawe siku ya kutimiza umri huo na kumweleza kuwa kuanzia leo hadhi yake humu ndani imebadilika. Matokeo yake ni kwamba mtu wa miaka 32 anaishi katika nyumba ambayo ndani yake yeye si mtoto tena, si mpangaji, na wala si mmiliki mwenza.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema mtoto mtu mzima apewe nini.

Kodi ya miezi sita

Wazazi wengi hulalamika kuwa vijana wa leo hawataki kujitegemea. Hoja hiyo haisimami pale hesabu zinapowekwa mezani. Chukua mfano wa kijana anayeanza kazi kwa mshahara wa Sh500,000 kwa mwezi, kiasi ambacho tangu Julai 2025 ndicho kima cha chini kwa watumishi wa umma. Katika sekta nyingi za kampuni binafsi, kima cha chini ni kidogo kuliko hicho.

Kijana huyo akipata chumba na sebule kwa Sh120,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba akataka kodi ya miezi sita kama ilivyo desturi ya jiji, atatakiwa kutoa Sh720,000 kwa mkupuo. Dalali naye anadai kodi ya mwezi mmoja. Jumla inafika Sh840,000, kabla hajanunua godoro, jiko wala ndoo ya maji. Ikiwa alisoma kwa fedha za Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, asilimia 15 ya mshahara wake, yaani Sh75,000, hukatwa kila mwezi kwa mujibu wa marekebisho ya sheria ya mwaka 2016. Bado kodi ya mapato na mchango wa hifadhi ya jamii. Ni kweli kwamba mwaka 2021 Serikali iliondoa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mikopo hiyo, na deni likapungua kasi ya kukua, lakini makato ya kila mwezi yalibaki palepale.

Kwa hiyo kikwazo si kodi ya mwezi, ambayo pengine angeimudu, bali ni ule mlango wa kuingilia. Anayelipwa kwa siku au kwa kazi, kama walivyo vijana wengi wa bodaboda, saluni, mafundi na wauza bidhaa mitandaoni, huusukuma mlango huo kwa shida zaidi, kwa sababu kipato chake huja kidogo kidogo na mwenye nyumba hataki kidogo kidogo. Wapo wanaoupita kwa kucheza upatu au kukopa kwenye Vicoba. Miezi sita inapokwisha, wengi wao hujikuta mlangoni pale pale.

Zamani ilikuwapo sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984, iliyokuwa na mabaraza yake ya kusikiliza mashauri ya wapangaji. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo masharti ya upangaji yamebaki zaidi mikononi mwa mwenye nyumba na uwezo wa mpangaji kujadiliana. Mpangaji wa chumba kimoja Tandale hana uwezo mkubwa wa kujadiliana.

Wazazi wanaowalaumu watoto wao husahau namna wao wenyewe walivyopata makazi. Mhitimu wa miaka ya 1970 alipangiwa kazi na Serikali, na mara nyingi kazi ilikuja na nyumba: kota za reli, kota za bandari, au nyumba ya Shirika la Nyumba la Taifa lililoanzishwa mwaka 1962. Aliyetaka kujenga aliweza kuomba mkopo Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1970. Kisha ukaja mpango wa kurekebisha uchumi baada ya makubaliano ya mwaka 1986 na Shirika la Fedha la Kimataifa. Ajira za Serikali zikabanwa, mashirika ya umma yakauzwa, na Benki ya Nyumba ikafa mwaka 1995. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Serikali ikawauzia watumishi wake nyumba zake yenyewe. Waliokuwa ndani walipata. Waliokuwa bado shuleni hawakuwa na foleni ya kupanga. Njia waliyopita wazazi imeota majani, na si vijana walioacha kuipalilia.

Wakati huohuo jiji limejaa. Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu watu wapatao milioni 2.5 mkoani Dar es Salaam. Ile ya mwaka 2022 ikahesabu milioni 5.38. Kiwanja kinachoweza kununuliwa na kijana leo kiko Chanika, Chamazi au ng'ambo ya mpaka wa mkoa, upande wa Pwani. Hapo ndipo inapoonekana sababu nyingine ya kubaki nyumbani ambayo haitajwi sana: wapo wanaolala kwa baba Magomeni huku wakijenga Chanika, mfuko wa saruji baada ya mfuko wa saruji. Kwao, chumba cha nyumbani ndiyo akiba yenyewe. Fedha ambayo ingekwenda kwa mwenye nyumba inakwenda kwenye msingi. Anayepita na kumwita kijana huyo mvivu hajui kuwa Jumapili alikuwa juu ya bati.

Nani anamlisha nani

Nyumba ya Kiswahili, ile ya vyumba sita vinavyotazamana kwa ukumbi mrefu wa katikati na uani kwa nyuma, haikujengwa kwa ajili ya familia moja tu. Tangu enzi za kukua kwa Kariakoo na Ilala, mwenye nyumba alikaa vyumba viwili au vitatu na kupangisha vilivyobaki. Pango hilo ndilo lililosomesha watoto na kuwa pensheni ya wajane wengi wa mjini.

Mtoto mtu mzima anapochukua chumba, basi, anachukua pia kodi ya chumba hicho. Kama kingepangishwa kwa Sh50,000 kwa mwezi, mama amepoteza Sh600,000 kwa mwaka. Hilo kijana halioni, kwa sababu kwake chumba ni cha nyumbani na cha nyumbani hakina bei. Tena mama huyo ndiye apikaye, ndiye aokaye maandazi ya asubuhi, na katika nyumba nyingi bado anafua nguo za mwanamume mwenye ndevu. Kazi hiyo nayo haina bei.

Kwa upande wa pili, mzazi haoni kwamba naye ameanza kuegemea. Mstaafu wa leo hapati mkupuo aliouzoea. Kanuni mpya ya mafao iliyoanza Julai 2022 iliweka malipo ya mkupuo kuwa asilimia 33, na ingawa mwaka 2024 yalipandishwa hadi asilimia 40 kwa watumishi ambao zamani walipata asilimia 50, mzee aliyekuwa amepanga kumalizia nyumba au kununua daladala kwa fedha hizo alilazimika kupanga upya. Pengo linajazwa na nani? Linajazwa na huyohuyo anayeitwa kula kulala. Ananunua gunia la mkaa leo, mtungi wa gesi kesho, dawa za shinikizo la damu mwezi mzima. Hatoi kiasi maalumu kwa tarehe maalumu, hutoa kinapopatikana. Kwa kuwa kinatoka vipande vipande, mwisho wa mwaka yeye anaamini ametoa kingi mno, na baba anaamini hajaona kitu.

Mabinti wako katika hali ya pekee. Binti aliyerudi nyumbani na mtoto mgongoni baada ya ndoa kuvunjika hupokewa, maana mtoto akikunyea mkono huukati, lakini hupokewa kama mtu wa kupita. Kaka yake huruhusiwa kuongeza chumba uani. Yeye huambiwa asubiri, Mungu atamjalia mume mwingine. Miaka kumi baadaye bado anasubiri, naye ndiye aliyemwogesha baba alipopooza.

Tofali la mtoto, kiwanja cha baba

Hapa ndipo penye mwiba. Katika nyumba nyingi, mtoto mtu mzima akikaa muda mrefu huanza kujenga. Anaanza na kubadilisha mabati yanayovuja. Kisha anaweka vigae chumbani mwake. Kisha, kwa idhini ya baba iliyotolewa kwa mdomo barazani, anainua chumba na sebule uani, ukutani pa jirani, chenye choo chake na mita yake ya umeme. Anatumia mamilioni. Risiti za saruji na nondo huzitupa.

Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inatafsiri neno ardhi kuwa ni pamoja na majengo na vitu vingine vilivyoshikamana nayo kwa namna ya kudumu. Maana yake kwa lugha ya kawaida ni kwamba chumba kilichojengwa juu ya kiwanja cha baba kinaifuata ardhi ya baba. Kama jina lililo kwenye hati, au kwenye zile leseni za makazi zilizoanza kutolewa Dar es Salaam katikati ya miaka ya 2000, ni la baba, basi na chumba kitahesabiwa hivyo hadi mtu athibitishe vinginevyo. Baba anapofariki dunia, msimamizi wa mirathi hukusanya mali yote ya marehemu, na ndani ya mali hiyo kimo chumba cha uani. Kaka aliyepanga Mbeya miaka 15, ambaye hakuwahi kununua hata balbu ya nyumba hiyo, ana haki ya kudai fungu lake ndani ya vyumba ambavyo mdogo wake alivijenga kwa jasho lake.

Mdogo huona ameibiwa. Kaka naye huona mdogo alikaa bure miaka 15, akala cha baba, sasa anataka na nyumba. Wote wawili wana sehemu ya ukweli, na ndiyo maana mashauri ya namna hii huwa machungu kupita yale ya watu baki. Yanapofika Mahakama ya Mwanzo, ndugu hawasalimiani. Mara nyingi nyumba huuzwa ili wagawane fedha, na mjane huhamia kwa mtoto mmojawapo, akiwa yeye sasa ndiye anayekaa kwa mwanawe.

Kwa wanandoa, mahakama za Tanzania zimekwisha kulitazama jambo linalofanana na hili. Katika hukumu yake mashuhuri ya mwaka 1983, Mahakama ya Rufani iliamua kuwa kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa, ingawa hazikuleta fedha taslimu. Uamuzi huo uliegemea Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Mtoto mtu mzima anayeishi kwa wazazi hana sheria ya namna hiyo ya kuegemea. Anayetaka mchango wake utambuliwe ni lazima alete ushahidi, na ushahidi ndio hasa ambao desturi ya kuaminiana ndani ya familia humfanya asiuweke.

Binti hukumbwa na tatizo jingine juu ya hilo. Tamko la sheria za mila la mwaka 1963, linalohusu jamii zinazofuata ukoo wa baba, liliwapanga warithi kwa madaraja matatu na kuwaweka mabinti katika daraja la mwisho. Mwaka 2015, kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ilitoa maoni, kutokana na malalamiko ya wajane wawili Watanzania, kwamba kanuni za mila za urithi zilizowanyima haki zilikuwa za kibaguzi, na ikaitaka Tanzania izirekebishe. Yule aliyemwogesha baba anaweza, ikiwa mirathi itaamuliwa kwa mila hizo, kutoka na fungu dogo kuliko aliyekuja siku ya mazishi.

Njia za kuepuka haya zipo, na si zote zinahitaji wakili wa gharama kubwa. Kinachohitajika zaidi ni baba kuwa hai na kuwa tayari kuongea. Familia inaweza kukaa kikao, watoto wote wakiwapo au wakiwa wamepewa taarifa, na kuandika muhtasari unaoeleza kuwa fulani anajenga vyumba viwili uani kwa fedha zake kwa idhini ya mwenye kiwanja. Muhtasari huo useme wazi moja kati ya mambo matatu: fedha hizo ni zawadi kwa wazazi, au ni deni, au ni bei ya sehemu ambayo baba anamkatia. Tofauti ya maneno hayo ni kubwa. Kama ni zawadi, mtoto ajenge akijua kuwa ndugu zake wote watarithi. Kama ni deni, litalipwa kabla ya mali kugawanywa, kwani katika mirathi, iwe ya Kiislamu, ya kimila au ya sheria ya Serikali, madeni ya marehemu hutangulia mafungu ya warithi. Kama ni sehemu aliyokatiwa, basi hati nayo ishughulikiwe baba akiwa hai, jambo ambalo katika kiwanja kidogo cha Manzese lina usumbufu wake kwa mipango miji.

Wosia ni njia nyingine. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, maarufu kwa jina la RITA, huandaa na kuhifadhi wosia wa wananchi. Lakini wosia hauponyi kila kidonda. Kwa familia za Kiislamu, wosia haupaswi kuzidi theluthi moja ya mali, wala haumfai mtu ambaye tayari ni mrithi isipokuwa warithi wengine wameridhia. Baba wa Kiislamu anayetaka kumpa mwanawe chumba alichojijengea hufanya vyema zaidi kumpa hiba ya kweli angali hai, akimkabidhi mbele ya mashahidi, kuliko kumwachia karatasi ya kusomwa baada ya arobaini.

Kuhusu matumizi ya kila siku, zimeanza kuonekana familia zinazokubaliana kiasi: huyu alipe umeme, huyu maji, huyu atoe fedha ya soko kila Jumamosi, na kila kinacholipwa kiandikwe katika daftari moja linalokaa juu ya kabati. Baadhi ya wazee hulipokea jambo hilo kwa uchungu, wakiona watoto wanawafanya wapangishaji. Hata hivyo, daftari hilo limewanyamazisha wengi waliokuwa wakirushiana maneno, kwa sababu baba huona kwa macho yake kilichotolewa na kijana huona kwa macho yake miezi ambayo hakutoa.

Ugumu mkubwa uko katika kuanza. Mtoto akigusia habari za hati huonekana anamwombea baba kifo. Baba akigusia huonekana anamfukuza mtoto, na mke wa mtoto, aliyeolewa na kuletwa katika nyumba hiyo, hana ruhusa ya kusema lolote ingawa yeye na wanawe ndio watakaotolewa vyombo nje mambo yakiharibika. Ndiyo maana katika familia nyingi mazungumzo hayo huanzishwa na mtu wa tatu: shangazi, mjomba, mzee wa msikiti au wa kanisa, wakati mwingine mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Huja siku ambayo hakuna mgonjwa wala msiba, hunywa chai, huuliza hali za watoto, kisha humwomba baba awaonyeshe mpaka wa kiwanja.